SS haiambukizwi, inarithiwa

Msomaji wa Ibanda ananiuliza juu ya SS, ule ugonjwa wa damu unaoitwa selimundu: "Mwalimu, naweza kusema mtoto amerithi SS, ama kurithi ni ya shamba na nyumba ya marehemu tu?"

Unaweza, ndugu yangu. Kurithi tuliitoa kwa Kiarabu, mzizi mmoja na mirathi na warithi, na Waswahili wanarithi sura, sauti, mpaka hasira, tena bila kungoja mtu afe.

Sasa linalonikera ni lile neno kuambukiza. Hapa Bukavu kila siku nasikia "ule mama njo aliambukiza mutoto SS", kwenye teksi ya Kadutu, kanisani, hata kwa watu waliosoma. Hapana! Kuambukiza ni kazi ya ugonjwa unaohama, kipindupindu, surua, kifua kikuu, huyu anakohoa leo na kesho jirani yake anakohoa. SS haihami. Mtoto anatungwa nayo, iko kwenye damu yake kabla hajapewa jina, hauwezi kuipata kwa kulala naye wala kwa kunywea kikombe chake.

Niliwahi kukaa kwenye kikao cha familia, mtoto yuko kwenye mapaja ya nyanya yake, vidole vimevimba hawezi kushika hata biskuti, na baba zake wadogo wanasema mama arudi kwao juu "ameambukiza" mtoto. Karatasi ya laboratwari iko palepale mezani: baba AS, mama AS. AS ni mtu mwenye S moja, yaani jeni moja ya selimundu, na SS ni mwenye mbili. Kila mmoja alitoa S yake, na kila mimba yao ina nafasi moja kati ya 4 ya kuleta mtoto wa SS. Hakuna aliyeifungua ile karatasi, neno lilikwisha kukata kesi, maana mwambukizaji ni mtu mmoja, anatafutwa, anapatikana, anafukuzwa. SS inarithishwa na wawili!

"Ugonjwa wa damu" navumilia. "Ugonjwa wa kuzaliwa nao" pia, ila muangalie, kuna mtoto anazaliwa na kaswende, huyo kweli aliambukizwa tumboni, hakurithi kitu.

Na "amerithi kwa mama" muiache kwa pua na macho. Kwa SS andika "amerithi kwa baba na mama", wote wawili, hata kama sentensi inakuwa ndefu.