Wafuasi wangu walikuja kumtazama paka

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Dada, nimefikisha wafuasi elfu kumi, mbona siuzi?" Nikacheka, kisha kicheko kikakata. Swali hilo nililiuliza mwenyewe miaka minne iliyopita, tena nikilia.

Nilikuwa nashona mikoba ya ngozi na mwenzangu tuliyeanza naye biashara. Siku moja nikamrekodi paka wetu akijikunja ndani ya mkoba ambao ulikuwa bado haujatiwa zipu. Video ya sekunde 9, hata maelezo sikuandika. Kufika asubuhi ilishatazamwa mara laki mbili. Marafiki wakaniambia nimetoboa, nami nikaamini. Nikakopa, nikanunua ngozi, tukashona mikoba 60. Tukauza 4, na mmoja kati ya hiyo aliununua shangazi yangu kwa kunihurumia.

Kinachonitia aibu ni nilichofanya baada ya hapo. Nilimrekodi paka tena. Na tena. Kabla sijapiga mswaki nilikuwa nimeshahesabu wafuasi walioongezeka usiku, na laiki zikipungua nilikuwa mkali kwa watu wote nyumbani. Mwenzangu alipojitoa aliniambia, "Umejaza uwanja watu wa kutazama paka." Alisema kweli, ila hakuwa na haja ya kuyasema mbele ya wateja. Hilo bado linaniuma.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya kulipa deni, haina hadithi.

Nilipotulia ndipo nikajiuliza hizi namba zinahesabu nini hasa. TikTok huhesabu kutazamwa pale tu video inapoanza kucheza. Facebook kwa miaka mingi ilihesabu ikifika sekunde 3. Maana yake hata aliyekuwa anapita zake akitafuta kitu kingine ameandikwa kuwa mtazamaji wako. Mwaka 2016 Facebook yenyewe ilikiri kwamba wastani wa muda wa kutazama iliokuwa ikiwaonyesha watangazaji ulikuwa mkubwa kupita kiasi, kwa sababu walioondoka kabla ya sekunde 3 hawakuingizwa kwenye hesabu. Na wafuasi je? Desemba 2014 Instagram ilifuta akaunti bandia, na watu maarufu wakaamka wamepungukiwa na wafuasi kwa mamilioni. Kuna pia ufikiaji na maonyesho, ambavyo wengi huvichanganya: mtu mmoja akiiona posti yako mara 5, ufikiaji ni 1, maonyesho ni 5. Mimi nilikuwa nachukua namba iliyo kubwa zaidi, naipiga picha, naituma kwenye makundi. Debe tupu lilivuma kweli.

Nikanunua daftari. Kila anayeuliza bei nikamwandika, kila anayelipa nikamwandika, na pembeni jibu la swali moja: "Umetuona wapi?" Baada ya mwezi na nusu likatokea jambo lililonivunja kiburi. Wanunuzi wengi walitoka kwenye picha mbaya kuliko zote: mkoba umefunguliwa, ndani kuna rula na kompyuta mpakato, kuonyesha kama inaenea. Laiki 19. Lakini nilipofungua takwimu za akaunti ya biashara nikaona watu wameihifadhi na kutumiana kuliko video yoyote ya paka. Mtu hahifadhi picha ya rula kwa kujifurahisha. Anapanga kununua.

Tangu hapo nafuata namba tatu tu: waliohifadhi au kutumiana posti, waliouliza bei, waliolipa. Naziangalia Jumatatu, si kila saa. Ukiwa na tovuti, ongeza alama za UTM (maneno mafupi yanayotaja mtandao husika) mwishoni mwa kiungo unachoweka kwenye kila mtandao, na takwimu za tovuti zitakuonyesha wageni walitoka wapi bila kuwauliza. Biashara yako ikiwa nyingine, namba zako zitakuwa nyingine. Anza kwenye pesa iliyoingia, urudi nyuma hatua moja moja hadi kwenye posti. Namba ambayo ikipanda au ikishuka hubadilishi chochote, iache. Nasema iache! Ndugu zangu, tunaposti ili tusifiwe halafu tunamlaumu mteja kwa kutonunua. Laiki hazilipi deni, mimi nimejaribu. Na wale walionicheka na daftari langu leo wananiomba niwafundishe, nami nawafundisha, ingawa si wote kwa moyo mkunjufu.

Yule msomaji sikumpa somo lote hili. Nilimuuliza kitu kimoja: wiki hii wangapi wamekuuliza bei? Akakaa kimya siku mbili. Jana akajibu kwamba ameingia kwenye sehemu ya maombi ya ujumbe, kule zinakowekwa jumbe za watu usiowafuata, akakuta watu 7. Watano kati yao walikuwa wameandika zaidi ya wiki tatu zilizopita, na hakuna hata ujumbe mmoja aliokuwa ameufungua.