Vumbi la makamyo analilipa nani?

SWALI: Mwalimu, jambo. Nauza unga wa mahindi pembeni ya njia ya Kasumbalesa. Makamyo ya shaba yanapita mchana na usiku, vumbi linaingia hadi kwenye unga. Mtaani wanasema afadhali peaje, ile ada ya kupita njiani, ipande kwa magari yote ili njia itengenezwe. Mimi nitapata nini?
Mama muuza unga, Lubumbashi

JIBU: Jambo sana, mama. Tuanze na yale unayolipa tayari bila risiti: nailoni ya kufunikia unga, dawa ya kikohozi, maji ya kumwaga mbele ya meza. Nimewaona wenzako wakimwaga ndoo nzima asubuhi, na kabla ya saa nne udongo umekauka tena. Mwenye kamyo analipa mafuta, dereva na peaje. Ndoo yako haimo kwenye hesabu yake, ndiyo maana kusafirisha shaba kunaonekana kwa bei rahisi. Wachumi huita hiyo gharama ya nje. Arthur Pigou, Mwingereza, alieleza mwaka 1920 kwamba anayewatupia wengine hasara atozwe kodi inayolingana nayo.

Ila kupandisha peaje sawasawa kwa kila gari, hapo nakataa kabisa. Majaribio ya barabara yaliyofanywa Illinois, Marekani, 1958 hadi 1960, yalionyesha kwamba uzito unaobebwa na ekseli, yaani kile chuma kinachoshika magurudumu ya pande mbili, ukiwa mara mbili, uharibifu unafika karibu mara 16. Taksibasi inayokuletea wateja siyo inayochimba mashimo yale. Ukiitoza zaidi, nauli inapanda, na anayelipa ni wewe tena.

Uswisi, tangu 2001, hutoza malori makubwa kwa kilometa, uzito na uchafu wa moshi. Sehemu kubwa ya fedha hizo ilikwenda kwenye reli, likiwemo handaki la Gotthard lililofunguliwa 2016. Nasi reli ilitufikia kutoka kusini mwaka 1910! Kila tani ya shaba inayopanda behewa ni tani isiyopita mbele ya meza yako, na hilo linanigusa kuliko peaje yenyewe.

Kwa hiyo shefu wa kartie akiitisha kikao, nenda na wenzako. Ombeni makamyo yapimwe kwa ekseli na yalipe kwa uzito, na sehemu ya fedha hizo inunue gari la kumwagia maji pembeni ya njia, hasa kuanzia Mei mpaka mvua zirudi.