Maswali yenu: winga mwenye chongo wa Boston

Juma lililopita nilimtaja kwa mstari mmoja Willie O'Ree, Mkanada aliyekuwa mtu mweusi wa kwanza kucheza NHL, ligi kuu ya hoki ya barafuni, mwaka 1958. Mstari huo mmoja umeniletea barua nyingi kuliko makala yote yaliyobaki. Haya, nazijibu.

"Shikamoo mzee. Huo mchezo ukoje hasa? Mimi barafu naijua ya kwenye friji." (Msomaji, Tanga)

Marahaba, mwanangu. Ni watu sita kila upande, kipa akiwamo, wamevaa viatu vyenye kisu chini ya soli, kila mmoja na gongo lake. Uwanja ni barafu tupu, mita 61 kwa 26, umezungushiwa ukuta wa mbao. Badala ya mpira kuna kisahani cha raba ngumu cha gramu 170 hivi, tena hugandishwa kabla ya mechi ili kisirukeruke. Kikikupata, umepigwa na jiwe. Na miaka hiyo ya 1950 karibu wote walicheza kichwa wazi, hata makipa! Jacques Plante wa Montreal alipigwa usoni Novemba 1959, akashonwa, akakataa kurudi golini bila barakoa. Kocha wake hakupenda, ila kipa wa akiba hakuwapo. Kishike hicho kisahani kichwani, tutakirudia.

"Kaka, nimeangalia takwimu zake: mechi 45, mabao 4, pasi za mabao 10. Hata winga wetu wa ndondo anamzidi. Sherehe yote ya nini?" (Msomaji, Morogoro)

Takwimu umezisoma sawasawa, ila umesoma ukurasa mmoja. Mechi 45 ni za NHL pekee: mbili mwaka 1958, kisha 43 msimu wa 1960–61, zote akiwa na Boston Bruins. Maisha yake ya soka la barafuni, niite hivyo, yalidumu zaidi ya miaka ishirini, na sehemu kubwa aliyamaliza kwenye ligi za chini yake.

NHL ya wakati ule ilikuwa na timu sita tu: Montreal, Toronto, Boston, Detroit, Chicago na New York. Kila timu ilishuka uwanjani na wachezaji wasiofika ishirini. Piga hesabu mwenyewe, nafasi ni mia na kitu kwa vijana wote wa Kanada waliokua na gongo mkononi. Halafu timu ikishakusajili ni yake, haikuachii mpaka itake. Ted Lindsay, nyota wa Detroit, alijaribu mwaka 1957 kuanzisha chama cha wachezaji. Alijikuta amehamishiwa Chicago, timu iliyokuwa ikiburuza mkia. Kama nyota alifanywa hivyo, winga wa akiba angesema nini?

O'Ree aliondoka Boston mwaka 1961 vivyo hivyo, kwa mabadilishano, akaenda upande wa Montreal, nako wakamweka timu ya chini. Baadaye akaishia Los Angeles Blades kwenye ligi ya Magharibi. Huko aliongoza ligi kwa mabao, 38 msimu wa 1964–65. Akarudia na 38 mengine msimu wa 1968–69, wakati huo akiwa San Diego. Wa ndondo wako ana ngapi?

"Uliandika 'mwenye chongo'. Ni kweli au ni mbwembwe za uandishi?" (Msomaji, Mombasa)

Ni kweli, na kwangu mimi hapa ndipo penye habari, kuliko hata hilo la kuwa wa kwanza. Msimu wa 1955–56, akicheza na vijana wenzake Kitchener, Ontario, kisahani kilimpiga usoni. Kilivunja pua na shavu, na jicho la kulia likapoteza karibu nuru yote. Daktari akamwambia hoki basi. Wiki chache baadaye alikuwa barafuni tena.

Sheria za NHL hazikumruhusu mtu mwenye jicho moja. Akaamua kunyamaza. Alimwambia dada yake na rafiki mmoja, wakaificha siri. Quebec Aces, timu ya ligi ya chini, walimsajili bila kumpima macho, na Boston wakamchukua kutoka huko. Waswahili tunasema akipenda, chongo huita kengeza. Huyu hakungoja kupendwa, alihakikisha chongo lenyewe halionekani.

Sasa fikiria kazi yake. Alikuwa winga wa kushoto. Winga wa kushoto hukimbia na ukuta kushotoni mwake. Wenzake, pasi na mabeki wanaokuja kumgonga wote wako kulia. Kulia ndiko haoni! Ikabidi kila pasi ageuze shingo nzima, kama dereva wa daladala aliyevunjikiwa kioo cha pembeni. Alizipoteza pasi na nafasi, na waliotazama wakaona winga mwenye mbio asiyejua kufunga.

Alipokuwa Los Angeles kocha akamhamishia upande wa kulia. Kwa mtu anayeshika gongo kushoto si raha, maana pasi nyingi anazipokea kwa mgongo wa gongo. Lakini uwanja wote ukawa upande wa jicho zima. Ndipo yakaja yale mabao 38. Mimi hujiuliza ingekuwaje kama Boston wangempanga kulia, ila wangempangaje wakati hawakujua sababu?

"Wazungu walimpokeaje?" (Msomaji, Bukoba)

Inategemea mji. Mechi ya kwanza, tarehe 18 Januari 1958, ilikuwa Montreal, ambako watu walishamzoea akiwa na Quebec. Boston walishinda 3–0, na yeye alisema alijua kwamba ameandika historia aliposoma gazeti kesho yake. Nyumbani Boston, siku ya Mwaka Mpya 1961, alifunga bao lake la kwanza dhidi ya Montreal, na mashabiki wakasimama kumpigia makofi.

Chicago ilikuwa shughuli nyingine. Kwa simulizi yake, mpinzani alimtukana rangi yake kisha akamchoma mdomoni kwa ncha ya gongo, yakatoka meno mawili ya mbele. O'Ree naye akampiga gongo la kichwa. Simsifu kwa gongo la kichwa, lakini wala simlaumu.

"Kwa hiyo baada yake mlango ukafunguka?" (Msomaji, Kigoma)

Hapana. Mweusi wa pili, Mike Marson wa Washington, aliingia mwaka 1974. Miaka kumi na sita! Hata ligi ilipoongeza timu kufika 12 mwaka 1967, O'Ree, miaka 32, hakuitwa. Na kabla yake alikuwapo Herb Carnegie, mweusi mzaliwa wa Toronto, ambaye wengi waliomwona walisema anastahili ligi kuu; mwaka 1948 New York walimtaka aanzie timu zao za chini, kwa pesa pungufu kuliko alizokuwa akipata Quebec. Akakataa.

"Mzee wangu, aliishia wapi? Alipata chochote?" (Msomaji, Zanzibar)

Alicheza hadi miaka 43, San Diego. Baada ya hapo alifanya kazi mbalimbali, ikiwamo ya ulinzi kwenye hoteli moja karibu na mji huo. NHL ilimkumbuka miaka ya 1990, ikampa kazi ya kuzunguka kuwafundisha watoto mchezo. Jumba la heshima la hoki lilimwingiza mwaka 2018. Boston waliistaafisha jezi yake namba 22 tarehe 18 Januari 2022, miaka 64 kamili tangu ile mechi ya Montreal. Ilikuwa wakati wa korona, akawa na miaka 86. Aliitazama ikipandishwa darini kupitia skrini, akiwa nyumbani San Diego.