Maswali yenu kuhusu tetemeko la ardhi na vifaa vya kinu cha nyuklia

Kinu cha nyuklia hujengwa kihimili tetemeko la ukubwa gani kwa kipimo cha Richter? (Msomaji, Kigoma)

Ukubwa peke yake haumtoshi mhandisi, kwa sababu unaeleza nguvu iliyofumuka kule tetemeko lilikoanzia. Pampu iliyofungwa kwenye sakafu hupatwa na mtikisiko wa sakafu hiyo tu, na mtikisiko huo hupimwa kwa gal, kizio kinachoonyesha mwendo unavyobadilika kwa haraka kiasi gani. Gal 980 hivi ni sawa na mvutano wa dunia.

Tarehe 16 Julai 2007, tetemeko la ukubwa wa 6.6 lilipiga karibu na kituo cha Kashiwazaki-Kariwa, Niigata, Japani. Kwa Wajapani hilo si tetemeko kubwa. Hata hivyo, kwenye msingi wa jengo la kinu namba 1 vipimo vilisoma gal 680, wakati wasanifu walikuwa wamekadiria 273.

Tena jengo lenyewe hubadilisha mtikisiko. Kila kifaa kina mwendo wake wa asili wa kuyumba, na sakafu ikitikisika kwa mwendo huohuo, kifaa huzidi kuyumba kama bembea inayosukumwa kwa wakati wake. Kwa hiyo kabati moja la umeme laweza kuwa salama ghorofa ya chini na lisiwe salama ghorofa ya tatu.

Wanapimaje mashine hizo bila kungoja tetemeko lenyewe? (Mwanafunzi wa uhandisi, Dar es Salaam)

Chombo kikubwa cha kinu na mabomba yake hupigiwa hesabu kwa kompyuta. Vifaa vinavyotakiwa kufanya kazi huku vikitikiswa, kama valvu na paneli za umeme, hufungwa juu ya meza ya kutikisa vikiwa vimewashwa. Meza ya Tadotsu huko Japani ilikuwa na mita 15 kwa 15 na ilibeba hadi tani 1,000. Ilitumika kuanzia 1982 hadi 2005.

Njia ninayoithamini zaidi ni kwenda kuona. Wahandisi wa Marekani waliokuwa na vituo vya zamani walitembelea viwanda na mitambo ya umeme wa kawaida iliyokwisha kupigwa na matetemeko. Waligundua kwamba pampu na mota zilizofungwa vizuri kwa kawaida hubaki nzima. Taabu ilitokea pale bolti zilipokuwa dhaifu au hazipo kabisa, au kitu cha jirani kilipoangukia kifaa. Ndiyo maana hadi leo wakaguzi hupita chumba kwa chumba na tochi, wakitazama bolti za kila kabati, ukuta wa matofali ulio karibu, hata mtungi wa gesi usiofungwa mnyororo.

Kifaa kisipovunjika, si kimefaulu? (Msomaji, Mombasa)

Hapana. Ndani ya makabati ya umeme kuna rilei, yaani swichi ndogo zinazowashwa na kuzimwa kwa umeme. Zikitikiswa, midomo yake, yaani vyuma vinavyogusana kupitisha umeme, yaweza kugongana kwa muda mfupi mno na kutoa amri ambayo hakuna aliyeitoa: valvu ikafunguka, pampu ikazimika. Baadaye ukiikagua rilei yenyewe utaikuta nzima. Kwa hiyo swali la mtahini ni kama kifaa kilitimiza kazi yake wakati wa mtikisiko na baada yake.

Mbona Kashiwazaki-Kariwa paliwaka moto? (Msomaji, Arusha)

Vinu vinne vilivyokuwa vikifanya kazi au kuwashwa vilijizima vyenyewe, na vifaa vikuu vya usalama vilisimama imara. Kilichowaka ni transfoma ya nje ya kinu namba 3, baada ya ardhi kutitia. Transfoma hiyo ilikuwa katika daraja la chini la ulinzi, na hapo mimi naona funzo zito. Mabomba ya maji ya kuzimia moto, nayo ya daraja la chini, yalikatika. Mlango wa chumba cha dharura ulikwama. Vitu vilivyohesabiwa vidogo vilishindwa kwa pamoja, saa ileile vilipohitajiwa.

Japani iliyachukulia mambo hayo kwa uzito. Kwenye kituo cha nyuklia cha Fukushima Daiichi palijengwa jengo la dharura lililowekwa juu ya vizuia mtikisiko, likaanza kutumika Julai 2010. Miezi minane baadaye wafanyakazi walipambana na janga wakiwa ndani yake.

Fukushima ilikuwa tetemeko au tsunami? (Msomaji, Bujumbura)

Vyote viwili. Tetemeko lilikata umeme wa gridi, jenereta zikawaka. Kisha, chini ya saa moja baadaye, mawimbi yalizima karibu jenereta zote, na kuzamisha paneli na baadhi ya betri.

Kenya na Uganda zinapanga vinu. Tuulize nini? (Msomaji, Kampala)

Tetemeko la 1966 magharibi mwa Uganda liliua watu zaidi ya mia moja, na la Bukoba mwaka 2016 lilibomoa nyumba nyingi, kwa hiyo mna haki ya kuuliza. Ulizeni udongo wa eneo lililochaguliwa umechimbwa na kupimwa hadi kina gani. Ulizeni mtikisiko wa kila sakafu umekadiriwa vipi, na ni nani atakayepita na tochi kukagua bolti kabla kinu hakijawashwa. Na ripoti yake iwekwe wazi, mwananchi aisome.