Flaiwili: maswali kutoka Mpeketoni, Shela na Matondoni

Nina mashine ya kusaga mahindi Mpeketoni, injini ya dizeli ya silinda moja. Nimeonyeshwa flaiwili mbili (gurudumu zito la kwenye shafti linalotunza mwendo wa injini), zote kilo 40, kipenyo sentimita 60. Moja ni sahani iliyojaa, nyingine uzito wake uko ukingoni na katikati ina mikono. Nichukue ipi?

Chukua yenye ukingo mzito. Kilo peke yake hazitoshi; la muhimu ni zimekaa mbali kiasi gani na shafti, na umbali huo huhesabiwa kwa mraba. Inesha ya mzunguko, yaani jinsi gurudumu linavyokataa kubadilishwa mwendo, kwa sahani ni 0.5 × 40 × 0.3 × 0.3, yaani 1.8. Kilo zote 40 zingekuwa ukingoni kabisa, ile nusu ingeondoka na ungepata 3.6. Yako itaangukia katikati, na kadiri mikono ilivyo myembamba ndivyo itakavyoikaribia 3.6.

Tofauti hiyo utaiona kwenye mkanda. Injini ya mipigo minne hupata nguvu mara moja katika kila mizunguko miwili. Ikizunguka mara 650 kwa dakika, hiyo ni milipuko 325 tu. Kutoa moshi, kuvuta hewa na, kazi nzito kuliko zote, kuibana hewa, vyote hufanywa kwa nishati iliyowekwa ndani ya flaiwili. Ikiwa nyepesi, injini hulegea kisha huruka, na mkanda huchapa na kuteleza.

Nikiongeza mwendo wa injini, si nitapata nguvu zaidi kwa flaiwili ileile?

Nishati itaongezeka, tena sana: ni nusu ya inesha mara mraba wa kasi. Mizunguko 650 kwa dakika ni radiani 68 kwa sekunde, kwa hiyo 0.5 × 3.6 × 68 × 68 yatoa kama jouli 8,300. Kasi ikiwa maradufu, zinakuwa 33,000.

Lakini mvuto unaotaka kuupasua ukingo nao huongezeka mara nne. Flaiwili ya chuma cha kusubu kwa kawaida haipitishwi mita 30 kwa sekunde ukingoni. Kwa kipenyo chako hiyo ni kama mizunguko 955 kwa dakika. Kwa 1,300 ukingo unafika karibu mita 41. Chuma hiki hakipindi kwanza kikakuonya: hupasuka ghafla, na vipande huruka. Tafadhali usiifunge gavana, kifaa kinachozuia injini isizidi mwendo wake, kwa waya, hata kwa siku moja ya mavuno.

Niko Shela, nina sola. Naweza kuweka umeme kwenye flaiwili badala ya betri?

Kwa taa za usiku, hapana. Zile jouli 8,300 zingewasha balbu ya wati 9 kwa robo saa hivi, hata beringi na hewa zisipokula kitu, nazo hula. Betri ya volti 12, ampea-saa 100, ina jouli 4,320,000 ikijaa: flaiwili kama 520.

Flaiwili hufaa pale umeme unapopanda na kushuka kwa sekunde chache. Mwaka 2015 kampuni ya ABB ilitangaza mtambo wa flaiwili wa kilowati 500 kwa ajili ya Marsabit, kutuliza umeme wa upepo unaofanya kazi pamoja na jenereta za dizeli. Huko Stephentown, Marekani, zimewekwa 200 za nyuzi za kaboni, zinazozunguka ndani ya vyombo vilivyoondolewa hewa.

Injini ya mashua yetu Matondoni inagonga, zaidi ikiwa haina mzigo. Fundi asema beringi.

Kabla hamjafungua beringi, angalieni kii ya flaiwili, kile kipande cha chuma kinachoibana kwenye shafti. Ikilegea hugonga vilevile. Zimeni injini, mmoja aishike shafti isizunguke, mwingine aitikise flaiwili mbele na nyuma. Ikicheza hata kidogo, itoeni. Msijaze nafasi kwa bati la kopo: litasagika, na njia ya kii itazidi kupanuka. Wekeni kii mpya iliyobana pande zote mbili.

Ikiwa nje, ikagueni kwa ufa, hasa mikono inapoungana na kitovu. Pakeni mafuta ya taa, subirini dakika kadhaa, futeni kabisa, kisha nyunyizeni unga wa chaki. Penye ufa, mafuta yatatoka na kuchora mstari. Mkiuona mstari huo, msiichomelee, tafuteni nyingine.