Tunampigia kila jioni, mbona bado mpweke?

SWALI: Shikamoo shangazi. Baba yetu ana miaka 76, alikuwa fundi cherehani. Tangu mama afariki anaishi peke yake. Tunampigia simu kila jioni na mahitaji yote tunamtumia. Tulimshawishi ajiunge na kikundi cha wazee, akaenda, akarudi mapema akisema, "Wale wanaongea wenyewe." Sasa anashinda ndani na televisheni inayosikika hadi kwa jirani. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hiyo televisheni umeitaja kama kero, mimi naiona kama dalili. Mzee anayeongeza sauti kiasi hicho, kisha akalalamika kwamba wenzake wanaongea wenyewe, huenda hasikii vizuri. Penye watu wengi wanaodakiana maneno, asiyesikia hucheka wenzake wakicheka, na akichoka kuigiza huaga. Mpelekeni akapimwe masikio. Huenda ni nta tu imeziba, au atahitaji kifaa cha kusikia. Msipofanya hivyo, hata kikundi kingine atakikimbia.

Simu ni jambo jema, ila mnaongea nini? "Umekula? Umemeza dawa?" Hayo ni ya muuguzi. Muulize zipu iliyokwama inafunguliwaje, uone atakavyochangamka.

Kuhusu kikundi, msimlazimishe. Mtafutieni kwanza mtu mmoja wa rika lake, wa kutaniana naye, na wakubaliane siku na saa. Ahadi ya "nitapita siku moja" mzee huingoja mpaka anachoka.

Halafu mpeni kazi. Zimbabwe, mwaka 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza kuwafundisha akina bibi kukaa kwenye benchi na kuwasikiliza watu waliolemewa na mawazo. Hawakuitwa wahurumiwe, waliitwa kwa sababu walihitajika. Baba yenu ana ufundi mikononi. Kama cherehani bado ipo, ipakeni mafuta, mtafuteni kijana anayetaka kujifunza, aje kwa ratiba. Atamkaripia kwa mishono iliyopinda, na hiyo ni dawa tosha.

Lakini akikataa chakula, akikosa usingizi, au akisema anatamani kumfuata mama yenu, usimjibu, "Usiseme hivyo, baba." Kaa umsikilize, usimwache peke yake, na umpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo.