Programu ya mahesabu ikijifunga, usikimbilie kufomati

Barua nyingi za safari hii zinahusu programu za kutunza mahesabu ya nyumbani zinazoganda au kujifunga zenyewe. Nimechagua tano na kuzifupisha. Angalizo kwa wote: programu ikiharibika utaipata tena, lakini faili lenye mahesabu yako lipo kwako tu. Nakili faili kwenye flashi kwanza, ndipo uanze kugusa kitu kingine.

Habari za kazi. Mimi ni mweka hazina wa kikoba chetu hapa Segerea. Hisa, mikopo na mfuko wa jamii vyote naviandika kwenye programu ya mahesabu iitwayo GnuCash, kwenye kompyuta ya mezani. Juzi umeme ulikatika nikiwa katikati ya kuingiza marejesho. Tangu siku hiyo nikiifungua, nembo inatokea, inahangaika kidogo, halafu inapotea. Fundi wa mtaani anasema dawa ni kufomati. Mwezi ujao tunavunja kikoba na wenzangu wameanza kuniuliza. Nifanyeje? – Mama Mweka Hazina, Segerea

Pole na presha, mama. Usimpe fundi kompyuta kwanza, maana akifomati bila kutoa mafaili, ushahidi wa kila shilingi utakuwa umekwenda.

Kinachoonekana hapa ni kwamba GnuCash ikifunguka hulivuta lenyewe faili ulilotumia mara ya mwisho. Faili hilo likiwa na kasoro, programu nzima inaanguka nalo, na wewe unadhani programu ndiyo mgonjwa. Jaribu hivi: bofya kitufe cha kulia cha mausi juu ya alama ya GnuCash iliyoko dawatini, ingia kwenye Properties, na kwenye kisanduku cha Target nenda mwisho kabisa wa maandishi, baada ya alama ya kufunga nukuu. Acha nafasi moja, andika --nofile. Sasa ifungue. Ikifunguka tupu na kutulia, programu ni nzima na tatizo ni faili.

Ukishajua hivyo, fungua folda unakohifadhia mahesabu. Utakuta mafaili mengi yenye majina marefu ambayo huenda hukuwahi kuyajali, mfano kikoba.gnucash.20250308142210.gnucash. Ile mistari ya namba ni mwaka, mwezi, siku na saa: 2025, Machi, tarehe 8, saa nane na dakika 22 mchana. Kila unapohifadhi, GnuCash huweka pembeni nakala ya hali iliyokuwepo kabla, na kama hukubadilisha mipangilio, nakala hizo hukaa siku 30. Kwa hiyo usichelewe, na usifute kitu humo kwa nia ya kufanya usafi.

Panga kwa tarehe, kisha tazama safu ya ukubwa. Faili lililokatwa na umeme mara nyingi litaonyesha KB 0 au ukubwa mdogo usiolingana na wenzake. Liache. Chukua nakala ya karibuni yenye ukubwa unaoeleweka, ifungue kwa menyu ya File ndani ya GnuCash, na ihifadhi hapo hapo kwa jina jipya. Zile kazi ulizofanya baada ya nakala hiyo zipo kwenye mafaili yanayoishia na .log, yaani kumbukumbu ya kila muamala ulioingiza. Nenda File, kisha Import, chagua kurudia faili la logi, halafu chagua lile lenye tarehe inayokaribiana na nakala yako. Miamala itarudi. Akaunti mpya hazirudi, kwa sababu logi inabeba miamala peke yake. Kama siku ile ulimfungulia mwanachama mpya akaunti, mfungulie upya kwanza kabla ya kurudisha logi.

Ukikuta pia faili linaloishia na .LCK, hilo ni kufuli lililobaki umeme ulipokatika. Ndilo huleta ujumbe kwamba faili linatumiwa na mtu mwingine. Hakikisha GnuCash haijafunguliwa kokote, kisha lifute.

Baada ya hapo linganisha salio na daftari la mkono. Najua vikoba vingi bado vinaandika daftari sambamba na kompyuta, na kwa maoni yangu visiache. Mkipata akiba kidogo nunueni UPS, kile kifaa chenye betri kinachoshikilia kompyuta umeme ukikatika. Hata ndogo inakupa dakika za kuhifadhi na kuzima taratibu.

Mimi ni mstaafu, naishi Kigamboni. Tangu mwaka 2004 naandika matumizi yangu kwenye Microsoft Money. Kompyuta ya zamani bado inaifungua ila nikiomba ripoti ya mwaka inajifunga. Mjukuu amenunua laptopu mpya na anasema programu hiyo imekufa. Je, ni kweli? – Mzee wa Kigamboni

Shikamoo mzee. Mjukuu hajakosea. Microsoft waliacha kuiuza mwaka 2009, na mwaka 2010 wakatoa toleo la mwisho la bure lililoitwa Sunset, ambalo halihitaji kusajiliwa. Wapo wanaolitumia hadi leo kwenye Windows mpya, lakini hakuna wa kulitengeneza likisumbua. Ningekuwa karibu yako ningekushauri uhame sasa, wakati kompyuta ya zamani bado inapumua.

Ripoti achana nazo. Fungua Money, nenda File, kisha Export, na toa kila akaunti peke yake kama faili la QIF, muundo ambao programu nyingine za mahesabu huusoma: ya benki moja, ya taslimu moja, na kadhalika. Yaweke yote kwenye flashi moja. Kwenye laptopu mpya weka GnuCash, na unapoingiza QIF, mpe mafaili yote kwa mkupuo mmoja, si moja leo na jingine kesho. Pesa uliyotoa benki ikaingia kwenye taslimu imeandikwa pande mbili. Ukiyaingiza kwa mafungu unaweza kuihesabu mara mbili. Programu ikikuuliza mpangilio wa tarehe, tafuta malipo unayoyakumbuka vizuri. Kama tarehe 3 Aprili imegeuka 4 Machi, umechagua mpangilio usio sahihi, rudia.

Nilipata programu ya mahesabu ya kulipia kwa rafiki Kariakoo, kwenye flashi. Maelekezo yalisema zima antivirasi kwanza. Ilifanya kazi wiki moja, sasa inajifunga kila baada ya dakika chache. – Kijana wa Sinza

Hiyo imechakachuliwa, na aliyeichakachua amekuomba umfukuze mlinzi kabla hajaingia. Sitakusaidia kuifufua. Iondoe, washa antivirasi, pima kompyuta nzima, kisha badilisha nywila za barua pepe na benki ukitumia simu, si kompyuta hiyo. Za bure na halali zipo: GnuCash, HomeBank, Money Manager Ex. Zote zinakubali shilingi ya Tanzania.

Bajeti ya familia naiweka kwenye Excel. Kila mwezi nanakili humo miamala ya simu na benki. Siku hizi faili likifunguka linaganda, na nikibandika kitu Excel inajifunga. – Mwalimu, Mbagala

Mwalimu, anza kwa kutenganisha. Shikilia kitufe cha Ctrl huku ukifungua Excel, na ukubali iingie katika hali salama (Safe Mode), ambamo hufunguka bila viongezi. Faili likifanya kazi vizuri humo, mkorofi ni kiongezi fulani. Vizime vyote kwenye Options, Add-ins, kisha washa kimoja kimoja.

Likiganda hata humo, bonyeza Ctrl na End. Bajeti yako ina mistari mia kadhaa, lakini nisingeshangaa kishale kikikimbilia mstari wa laki moja. Kila ulichobandika kimekuja na rangi na mipaka yake, na Excel inavibeba vyote, pamoja na zile sheria za kupaka rangi zinazojizalisha kila unaponakili. Futa mistari yote iliyo tupu chini ya data, safisha sheria hizo kwenye Conditional Formatting, hifadhi, funga, fungua tena. Kuanzia sasa bandika kwa Paste Special ukichagua Values tu.

Tazama pia printa. Excel huuliza printa ya kawaida inapopanga kurasa. Kama iliyowekwa ni ya shuleni na wewe uko nyumbani, inaweza kusubiri jibu ambalo haliji. Iweke Microsoft Print to PDF kuwa printa ya kawaida.

Laptopu ya mtumba, Windows 10. Programu ya mahesabu inajifunga, lakini hata kivinjari kinajifunga, hasa mchana. Nimeambiwa ni kwa sababu Windows 10 imekwisha muda. – Dada wa Kimara

Dada, ni kweli Microsoft walisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Hilo ni suala la usalama na utalishughulikia, ila halifanyi programu zianguke saa saba mchana.

Andika neno reliability kwenye sehemu ya kutafuta, fungua kinachotokea. Utaona kalenda yenye misalaba myekundu. Kama kila msalaba una jina la programu moja, irekebishe hiyo. Kama majina yanabadilika kila siku, shaka iende kwenye mashine yenyewe: joto au RAM, ile kumbukumbu ya muda ambamo programu hufanyia kazi. Joto la Dar unalijua, na laptopu ya mtumba mara nyingi inakuja na vumbi la miaka kwenye feni. Isafishwe, ipakwe pesti mpya ya kupitisha joto juu ya prosesa, na usiitumie juu ya godoro.

RAM ipime mwenyewe: andika mdsched kwenye sehemu ile ile ya kutafuta, ifungue, kubali iwake upya, iache hadi imalize. Ikionyesha hitilafu na una vipande viwili, toa kimoja na upime tena, ujue kibovu ni kipi kabla ya kwenda kununua. Fundi akisema kipande fulani ni kibovu, mwambie arudie jaribio hilo ukiwa umesimama pale.